Korti Imesimamisha Agizo, Haijasimamisha Ugonjwa

Hotuba kwa vijana baada ya swala ya Ijumaa, Masinga, 17 Desemba 2021. Tumeiandika hapa kwa wale hawakuweza kufika. Soma mpaka mwisho, kisha mfikishie mwenzako.



Kaka zangu na dada zangu, asanteni kwa kubaki. Najua wengine mmeacha boda boda hapo nje na abiria wanawapigia simu. Wengine mmetoka Kithyoko, Ekalakala na Kivaa, na nauli ya kurudi inapanda jioni. Sitawaweka sana. Nina jambo moja tu leo, nalo ni chanjo ya korona.

Tangu Jumanne simu zetu hazijalala. Kila grupu lina habari moja: korti imesimamisha agizo la chanjo. Na ni kweli. Tarehe 14 Desemba, Jaji Antony Mrima wa Mahakama Kuu alisimamisha lile agizo la Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe. Mnalikumbuka. Lilitangazwa tarehe 21 Novemba, likasema kuanzia 21 Desemba mtu ambaye hajakamilisha chanjo hatahudumiwa ana kwa ana kwenye ofisi za serikali. Mambo ya kodi, ya uhamiaji, ya leseni za kuendesha gari, hata kumtembelea mgonjwa hospitalini au ndugu yako jela, yote hayo yangehitaji cheti cha chanjo. Jumanne ijayo ndiyo ilikuwa tarehe yenyewe.

Sasa korti imesema ngojeni, kesi isikizwe kwanza. Na vijana wetu wamefurahi. Mmoja akaniandikia, "Tumeshinda, mambo ya chanjo yameisha."

Ndugu yangu, tumeshinda nini? Korti imesimamisha kulazimishwa. Haijasimamisha ugonjwa. Haikusema chanjo ni mbaya, wala haikusema korona imeondoka. Ukisherehekea uamuzi huu kwa kukaa nyumbani bila chanjo, hapo hujamkomoa waziri. Umemuacha nyanya yako, yule tunayemuita susu hapa Ukambani, akae bila kinga.

Nataka tuelewane mapema, mtu asiseme nimetumwa na serikali. Mimi pia sikulipenda lile agizo. Nitawaambia kwa nini. Lilipotangazwa mwezi uliopita, katika kila watu wazima 10 hapa Kenya, karibu mmoja tu ndiye alikuwa amekamilisha chanjo. Mmoja! Hao 9 waliobaki, wote walikataa? La. Wengi haikuwa imewafikia.

Rudini nyuma kidogo. Chanjo za kwanza zilifika nchini Machi mwaka huu, dozi zaidi kidogo ya milioni moja za AstraZeneca, kupitia ule mpango wa dunia wa kugawana chanjo unaoitwa COVAX. Zikaanza kutolewa tarehe 5 Machi. Walioanza ni wahudumu wa afya, kisha walimu na polisi, kisha wazee. Halafu India, ambako chanjo hizo zilikuwa zinatengenezwa, ikapigwa na wimbi kubwa la korona, ikazuia chanjo kutoka nje ya nchi. Hapa kwetu watu waliodungwa mara ya kwanza wakaanza kuhesabu wiki, hawajui dozi ya pili itatoka wapi. Huku nchi tajiri zilikuwa zimeshanunua chanjo nyingi kuliko idadi ya watu wao. Shehena kubwa kubwa zimeanza kufika kwetu kuanzia Agosti na Septemba.

Kwa hiyo mtu aliyekosa chanjo na mtu aliyekataa chanjo si mtu mmoja. Agizo liliwaadhibu wote wawili sawasawa. Mama wa Muthesya ambaye nauli ya kwenda hospitali na kurudi ni mboga ya siku mbili, utamwambia hana ruhusa ya kuingia ofisi ya serikali kwa sababu hajachanjwa, wakati hakuna aliyemletea hiyo chanjo? Hilo ndilo tulilipinga, na tutaendelea kulipinga.

Lakini sasa lazima limeondoka, angalau kwa leo. Tumebaki na hiari. Na hiari ni kazi, wajamani. Mtu akilazimishwa hana haja ya kufikiri. Mtu mwenye hiari lazima aulize, ajibiwe, kisha aamue. Haki tuliyo nayo sasa ni haki ya kuuliza na kujibiwa. Nataka nitumie muda uliobaki kuonyesha vile inatumika.

Kuna hadithi ya kweli kutoka Kano, kaskazini mwa Nijeria, kwa ndugu zetu Waislamu. Mwaka 1996 kulikuwa na mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo. Kampuni ya Pfizer ikaenda pale ikajaribu dawa yake mpya inayoitwa Trovan kwa watoto. Watoto kama 200 waliingizwa kwenye jaribio lile, nusu wakapewa dawa mpya, nusu dawa iliyozoeleka. Watoto 11 walifariki, wengine wakabaki na ulemavu. Wazazi walisema hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Kampuni ilikanusha kwamba dawa yake ndiyo iliyosababisha, lakini kesi zilienda miaka mingi, na mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 kumalizana na jimbo la Kano.

Sasa mwaka 2003, wahudumu wa chanjo ya polio walipofika Kano, viongozi wakasema hapana. Walihofia chanjo imetiwa kitu cha kuwafanya wasichana wasizae. Hofu ile haikuanguka kutoka mbinguni. Watu walikuwa wameumizwa. Mtu aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo anashtuka.

Lakini sikizeni kilichofuata. Kano ikakaa karibu mwaka mzima bila chanjo ya polio. Virusi havikungoja wazee wamalize mkutano. Vilisambaa Nijeria, vikatoka vikafika nchi karibu 20, zikiwemo Sudan, Yemen na Indonesia. Vilifika hadi Saudia. Watoto wa Kiislamu walipooza miguu, na hawakujua chochote kuhusu Trovan wala siasa za Nijeria.

Na Kano walirudije kwenye chanjo? Waliuliza. Walitaka chanjo ipimwe na watu wanaowaamini. Mwishowe mwaka 2004 wakakubali chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Kumbe swali lao lilikuwa na jibu tangu mwanzo. Kosa halikuwa kuuliza. Hasara ilitokana na kuzuia chanjo mwaka mzima huku swali likizunguka, na gharama wakalipa watoto.

Basi na sisi tuulize, lakini tuulize haraka, na tukijibiwa tusijifanye hatukusikia. Mmenitumia maswali yenu wiki hii nzima. Nitayajibu yale yaliyojirudia.

La kwanza: "Nikichanjwa nitakufa baada ya miaka miwili." Hii imezunguka WhatsApp tangu Mei, ikiwa na picha ya mwanasayansi wa Ufaransa aliyewahi kupata tuzo ya Nobel. Maneno yale ya miaka miwili hakuyasema. Alikuwa na maoni yake kuhusu chanjo, na wanasayansi wenzake walimpinga, lakini hilo la watu wote kufa lilibandikwa juu ya jina lake. Kabla hujasambaza kitu, jiulize nani amekisema na amekisema wapi. Sisi ni umma uliojenga elimu nzima ya kukagua wapokezi wa hadithi, nani kapokea kutoka kwa nani, alikuwa mkweli au mwongo. Halafu leo tunaamini sauti ya mtu hatumjui, imetumwa mara elfu moja?

La pili: "Inazuia kuzaa." Hakuna utafiti ulioonyesha kwamba chanjo hizi zinaharibu uzazi wa mwanamume au wa mwanamke. Korona yenyewe ndiyo hatari kwa mama mjamzito, kwa sababu akiipata anaweza kuumwa zaidi kuliko mwanamke wa umri wake asiye mjamzito. Dada mwenye mimba, zungumza na nesi wa kliniki yako, atakueleza kulingana na hali yako.

La tatu, na hili nimeulizwa na vijana wa msikitini hasa: "Ina nguruwe?" Nitawajibu bila kuficha kitu. Kampuni za Pfizer, Moderna na AstraZeneca zimesema hakuna kitu cha nguruwe ndani ya chanjo zao. Machi mwaka huu, Baraza la Maulamaa la Indonesia lilisema kwamba kwenye utengenezaji wa AstraZeneca kilitumika kimeng'enya kutoka kwa nguruwe. Kampuni ikakanusha. Lakini hao hao maulamaa, hata baada ya kusema hivyo, waliruhusu itumike, kwa sababu kuna dharura na uhai wa watu uko hatarini. Baraza la fatwa la Falme za Kiarabu nalo lilitoa ruhusa Desemba mwaka jana, likasema hata kama kingekuwemo, kulinda uhai kunatangulia pale ambapo hakuna njia nyingine. Kwa hiyo anayekwambia "maulamaa wameharamisha" muulize ni maulamaa gani, wa wapi.

Na msisahau, mtu akienda Hija huwa anachanjwa. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo imekuwa sharti la mahujaji kwa miaka mingi. Wazee wetu waliofika Makka walidungwa wakaenda, wakarudi, tukawaita Alhaji, hakuna aliyewauliza sindano ilikuwa na nini. Na Hija ya mwaka huu Saudia iliruhusu watu 60,000 tu waliokuwa tayari ndani ya nchi, na sharti lilikuwa chanjo.

La nne: "Mimi namtegemea Allah." Alhamdulillah, na mimi pia. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alipoulizwa na bedui kuhusu ngamia, alimfundisha amfunge kwanza ndipo amtegemee Mola. Hapa kwetu tunafuga, tunaelewa. Hakuna mtu anaacha mbuzi usiku bila boma halafu aseme nimetawakali, fisi akija ni kadari. Na Sayyidna Umar, radhiyallahu anhu, alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kuna tauni huko, alishauriana na masahaba, kisha akageuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar alimjibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari nyingine ya Allah. Kinga nayo ni kadari.

La tano: "Kuna madhara?" Ndiyo, yapo, na mtu akikwambia hakuna kabisa, huyo naye anakudanganya. Wengi huumwa na mkono pale walipodungwa, wengine hupata homa, kichwa au uchovu kwa siku moja mbili, kisha inaisha. Ndio sababu unaambiwa ukae pale kituoni kama dakika 15 baada ya sindano, wakuangalie. Kwa AstraZeneca kuna tatizo la damu kuganda, ambalo ni nadra sana, watu wachache katika kila milioni. Ukiona maumivu makali ya kichwa yasiyoisha, kifua kubana, mguu kuvimba, au tumbo kuuma sana, ndani ya wiki kama nne baada ya sindano, usingoje nyumbani, kimbilia hospitali. Ukijua dalili unaweza kusaidiwa.

Na mjue pia chanjo hii si ngao ya chuma. Aliyechanjwa anaweza kuambukizwa, hasa sasa kuna hii aina mpya ya Omikroni ambayo imeshaonekana hapa Kenya wiki hii. Kazi kubwa ya chanjo ni kuzuia usiumwe mpaka ukahitaji oksijeni. Kenya imepoteza zaidi ya watu 5,300 kwa ugonjwa huu, hao ni wale waliohesabiwa. Na sisi hapa Masinga tunajua maana ya kuumwa sana usiku. Unatafuta gari, unatafuta pesa ya mafuta, kisha unaanza safari ya Machakos au Thika ukiwa na mgonjwa anatafuta pumzi. Mtu wa Nairobi akizidiwa, oksijeni iko mtaa wa pili. Sisi tunaokaa mbali na hospitali kubwa ndio tunahitaji kinga zaidi.

Kuna kaka mmoja Msomali nataka mumjue, kwa sababu alikuwa kijana kama nyinyi. Anaitwa Ali Maow Maalin. Mwaka 1977 alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, umri wake miaka 23. Wakati ule dunia ilikuwa karibu kumaliza ndui kabisa. Ali alifanya kazi hospitalini, chanjo iko hapo hapo, lakini hakuchanjwa. Aliogopa sindano, aliona inauma. Siku moja gari likapita na wagonjwa wawili wa ndui, dereva hajui njia, Ali akapanda kuwaelekeza. Safari ya dakika chache tu. Akaugua. Akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida ya kuambukizana.

Alipona, alhamdulillah. Watu aliokutana nao wakafuatwa mmoja mmoja, maelfu wakachanjwa, na ndui ikaishia pale. Mwaka 1980 dunia ikatangaza ugonjwa ule umekwisha. Fikirini, ugonjwa uliowaua mababu zetu karne kwa karne, wa mwisho kuugua alikuwa kijana wa pwani hii yetu ya Afrika Mashariki.

Lakini sababu ya kuwataja Ali ni alichofanya baadaye. Alijiunga na kampeni ya kumaliza polio Somalia. Alikuwa akienda nyumba kwa nyumba, mzazi akikataa, anamwambia mimi ndiye niliyekataa chanjo ya ndui, nikaugua. Watu walimsikiliza kuliko bango lolote. Mwaka 2013 polio iliporudi Somalia, na ikafika hadi kwetu upande wa Garissa ambako watu 14 waliugua, Ali alirudi kazini. Alishikwa na malaria akiwa kwenye kampeni hiyo, akafariki Julai mwaka huo huo. Allah amrehemu.

Barabara ile ya Garissa ndiyo hii hii inapita kwetu. Lori za mifugo, mabasi, abiria wa kunywa chai Kithyoko. Ugonjwa unasafiri na watu. Sisi tuko njiani.

Haya, tufike kwenye utaratibu. Chukueni simu muandike.

Moja, chanjo ni bure. Si mia, si hamsini, si "ya chai". Mtu akikuitisha pesa, usilipe. Andika ni wapi, saa ngapi na ni mhudumu wa cheo gani, utuletee.

Mbili, anayestahili. Mtu yeyote wa miaka 18 na zaidi. Tangu mwezi uliopita, wa miaka 15 hadi 17 pia wanaweza kupata, kwa chanjo ya Pfizer, mzazi akikubali. Kwa hivyo wadogo zetu wa sekondari waje na mzazi.

Tatu, wapi. Anzia hospitali ya kaunti ndogo hapa Masinga, au uliza kituo cha afya cha wadi yako kabla hujatoa nauli. Wahudumu wa afya wa jamii, wale wanaopita kwenye maboma, huwa na habari ni siku gani chanjo ipo na ni aina gani. Hifadhini namba zao. Siku nyingine utafika uambiwe imeisha, au wanangoja watu watimie kwa sababu chupa moja ikifunguliwa lazima itumike siku hiyo. Usikasirike ukaondoka moja kwa moja. Uliza itakuja lini, uache namba yako. Na heri mwende kundi, watu kumi mkifika pamoja hakuna sababu ya kutofungua chupa.

Nne, dozi. Johnson & Johnson ni sindano moja. AstraZeneca, Moderna, Pfizer na Sinopharm ni mbili. Moderna na Sinopharm ni kama wiki nne katikati, Pfizer wiki tatu hadi nne, AstraZeneca wiki nane hadi kumi na mbili. Lakini fuata tarehe utakayoandikiwa kwenye kadi. Aliyedungwa moja akasahau ya pili, kinga yake ni nusu. Ukichelewa pia nenda, usiseme imeshapita.

Tano, kadi yako itunze kama unavyotunza kitambulisho, na uipige picha. Meseji ikija kutoka Wizara ya Afya usiifute. Cheti utakihitaji ukitaka kusafiri kikazi Saudia au Qatar, wengi wenu mna mipango hiyo.

Sita, msikitini. Tangu Oktoba tumeruhusiwa kujaza thuluthi mbili za nafasi. Barakoa, mkeka wako mwenyewe, na udhu uchukulie nyumbani ikiwezekana. Na mwenye homa na kikohozi aswali nyumbani. Hiyo ni kuwahurumia wenzako, si udhaifu wa imani.

Sasa jambo linaloniuma zaidi. Ukienda kujiandikisha unaulizwa namba ya kitambulisho. Na hapa ndani kuna watu hawana. Si kwamba hawajatafuta. Mjuavyo, mtoto wa jirani akifika miaka 18 anaenda kwa chifu, baada ya wiki kadhaa ana kitambulisho. Kijana wetu mwenye jina la Hassan au Abdi anaambiwa aje na cha baba, cha babu, kisha asubiri kamati ya kumchunguza, kamati inakaa mara moja kwa miezi. Kule Garissa kuna maelfu ya Wakenya ambao majina yao yaliingia kwenye orodha ya wakimbizi zamani wakitafuta chakula wakati wa ukame, leo wananyimwa kitambulisho. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "hakuna chanjo bila namba", umemnyima mara mbili.

Kijana mmoja tunayefanya kazi naye alifika kituo fulani akiwa na cheti cha kuzaliwa na karatasi ya kungojea kitambulisho. Akarudishwa. Hakupiga kelele, aliona haya, akaondoka. Akaniambia hatarudi tena. Mimi ndiyo nasema huyo ndiye tunampigania, hata kuliko yule aliyekataa.

Katiba yetu iko wazi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya. Kinasema kila mtu, hakijasema kila mwenye kitambulisho. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo kwa serikali. Na kifungu cha 12 kinasema raia ana haki ya stakabadhi za utambulisho. Virusi havisomi kitambulisho kabla ya kuingia kifuani.

Kwa hivyo kama huna kitambulisho, usiende peke yako. Beba ulichonacho: cheti cha kuzaliwa, karatasi ya kungojea, pasipoti kama unayo, kitambulisho cha mzazi. Omba kwa adabu kumuona msimamizi wa kituo. Sisemi kila kituo kitakubali mara ya kwanza. Ukikataliwa, omba sababu, andika tarehe, leta hapa. Tukiwa na visa kumi vimeandikwa vizuri, tunaingia ofisi ya afya ya kaunti tukiwa na karatasi mkononi, badala ya malalamiko mdomoni. Na wale wenye vitambulisho, wasindikizeni. Mtu akiwa na mwenzake haoni haya.

Tunachodai kwa serikali ni kidogo na kinawezekana. Ilete chanjo siku ya soko, watu wakiwa wamekusanyika. Itangaze kwa Kikamba, kwa Kiswahili na kwa Kisomali, mapema, iseme ni aina gani na mpaka saa ngapi. Imkubali asiye na kitambulisho. Ikifanya hayo matatu, haitahitaji agizo la kumtisha mtu.

Na tunachodai kwenu ni hiki. Kila kijana aliye hapa achague mzee mmoja, awe wa damu au jirani, Mwislamu au si Mwislamu. Kaa naye, msikilize anaogopa nini, usimcheke. Mjibu unachojua. Usichojua mpeleke kwa nesi amuulize. Akikubali, mbebe kwa boda yako, na usimtoze. Kabla ya sikukuu za Desemba, wakati ndugu wote wanarudi kutoka Nairobi na Mombasa kuja kukumbatiana na wazee, awe amepata sindano yake ya kwanza.

Nani atachukua jina leo? Karatasi iko hapo mlangoni, kuna safu ya jina la mzee, wadi yake na siku mtakayoenda. Wa mbali tutumieni meseji kwenye ukurasa huu, nasi tutawaunganisha na mwenzenu wa karibu.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na ajaalie nguvu zetu za ujana ziwe rehema kwa wazazi wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.